Mashine Iliyolowa Isitupwe: Habari ya Soketi ya Kioo Iliyoliwa na Kutu

Hotuba iliyosomwa Bujumbura na mwalimu wa shule ya msingi, mkimbizi kutoka Kongo, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni 2025



Siku ya leo huadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, na kwa desturi walimu tunapopewa kipaza sauti huzungumzia haki ya mtoto kusoma. Mwaka huu Mwenyekiti aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, haki ya kusoma watu wamekwisha kuisikia. Waeleze habari ya zile mashine." Nami nimetii. Kwa hiyo mada yangu ni kitu kidogo sana, chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, kinachokaa ndani ya kompyuta ya mapajani na kuunganisha bodi kuu na kioo. Mafundi wanakiita soketi ya kioo. Haki ya kusoma mtaikuta humo humo ndani.

Mnakumbuka mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 zikaendelea hadi mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia bandarini na katika nyumba za pwani. Gatumba, ambayo ilikuwa imekwisha kufunikwa na maji mwaka 2020 mto Rusizi ulipofurika, ikafunikwa tena. Mwezi wa Aprili 2024 mashine tatu za shule yetu, hizi ambazo vijana wanaziita laptopu, zilikuwa zimeteremshwa hapa mjini ili ziwekewe programu ya kuandikisha wanafunzi. Zilihifadhiwa katika nyumba moja upande wa Kajaga, kwenye rafu ya chini kabisa. Usiku maji yakaingia bila kubisha hodi. Asubuhi mbili zilikutwa zimelowa upande wa bawaba, na ya tatu ilikuwa imelala ndani ya maji.

Ndani ya mashine hizo mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na alama za miaka mitatu za watoto wetu. Madaftari ya karatasi ya miaka hiyo yalikwisha kuliwa na mchwa, na ndiyo sababu tuliingia katika kompyuta. Wazazi mnajua mtoto wa mkimbizi anapohamia shule nyingine, au familia inaporudi nyumbani, au inapopelekwa nchi ya mbali, swali la kwanza ni hili: karatasi yake iko wapi? Mtoto asiye na karatasi hurudishwa darasa moja au mawili nyuma, na anakaa na watoto wanaomfika kiunoni. Katika muda tuliokuwa bila mashine hizo, wawili kati ya wanafunzi wangu walirudishwa hivyo. Walikuwa wanajua kugawanya desimali. Wakaanza tena kujumlisha.

Sasa nieleze yaliyotendeka baada ya maji, kwa sababu ndiyo yanayotendeka kila mahali. Mashine zilianikwa juani. Mama mmoja mwenye huruma alileta mchele, nasi tunajua bei ya mchele sokoni, akazifukia humo siku nzima kama wafanyavyo watu kwa simu. Halafu jioni ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaichomeka ile ya tatu kwenye umeme aone kama bado inapumua. Ilitoa harufu, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Mtaniwia radhi nikizungumzia ziwa kidogo, kwa sababu kutu hii ilitoka huko. Maji ya Tanganyika tunayanywa na hayana ladha ya bahari, lakini yamebeba chumvi na madini mengi yaliyoyeyuka. Sehemu kubwa ya madini hayo hushuka na mto Rusizi kutoka ziwa Kivu, kwa hiyo sisi wa Bukavu hata hapa tumefuatwa na maji ya kwetu. Mchele au jua huondoa maji, lakini chumvi haziondoki. Zinabaki zimeganda katikati ya pini za soketi, na kila hewa ya usiku inapoleta unyevu, zinaamka upya.

Tena chumvi peke yake haina haraka. Mwenye haraka ni umeme. Pini mbili zilizo jirani, moja ikiwa na umeme na nyingine haina, zikiunganishwa na tone la maji yenye chumvi, huanza kazi ile ile tunayowaonyesha wanafunzi kwa betri na misumari miwili ndani ya glasi: shaba ya upande mmoja inayeyuka na kuhamia upande wa pili. Ule unga wa kijani mnaouona ni shaba iliyokwisha kuliwa. Na msidhani kuzima mashine kunatosha. Betri ikiwa bado imeunganishwa, baadhi ya njia za bodi zina umeme usiku na mchana, na katika mashine nyingi njia inayolisha taa ya nyuma ya kioo ni mojawapo. Kwa hiyo ndugu akiniuliza jambo la kwanza la kufanya mashine ikilowa, namjibu: chomoa chaja, fungua skrubu za chini, tenganisha betri. Mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho, hilo haliwezi.

Soketi yenyewe ina pini 30 au 40, zimepangwa kama meno ya kitana cha chawa, na kutoka jino hadi jino ni kama nusu milimita. Ukiitazama kwa macho matupu unaona mstari tu. Pini kadhaa zinapeleka picha, nyingine zinalisha kioo umeme mdogo wa volti 3.3, na pembeni kuna pini chache zinazobeba umeme wa taa ya nyuma, ambao katika mashine za kawaida ni ule ule wa betri au wa chaja, yaani hadi volti 19 hivi. Ziko mashine ambazo umeme huo unafika karibu volti 50. Hapo ndipo hatari ilipo. Katika mashine nyingi za miaka hii nyaya za picha zinatoka moja kwa moja kwenye prosesa, ambayo imezoea umeme wa chini ya volti moja na nusu. Kutu ikijenga daraja kutoka pini ya volti 19 hadi pini ya picha, prosesa inaweza kuungua mara moja. Hivyo ndivyo mashine ya tatu ilivyokufa jioni ile, na hakuna fundi wa kuifufua kwa bei ya binadamu.

Zile mbili zilizobaki zilipelekwa kwenye duka moja la mjini. Mhudumu alibonyeza kitufe, akaona kioo cheusi, akasema bodi kuu zimekufa zote. Bei ya bodi mpya aliyotaja ilikaribia bei ya kununua mashine nyingine iliyokwisha tumika. Tukarudi nazo. Kisha zikakaa kabatini wiki saba. Hapo nitarejea, kwa sababu wanaohusika wako hapa ukumbini, nami nitawaambia kwa heshima.

Baada ya wiki saba tulizipeleka Buyenzi. Wengi wenu mnaijua Buyenzi kwa gereji zake na kwa Kiswahili chake, na kama unatafuta kipuri cha gari lililokufa zamani utakipata kule. Kuna mkimbizi mwenzetu, mtu mzima, aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio Uvira. Alivaa miwani ya fundi saa, akafungua ya kwanza, akatazama kimya muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "hii haijafa. Imefungwa mdomo tu."

"Mzee, nionyeshe," nikamwomba, naye akanipa miwani.

Niliona meno ya kitana yakiwa yamejaa ukoga wa kijani upande mmoja, upande wa pili yanang'aa kama mapya.

Napenda kueleza mpango wake wa kazi, kwa sababu mpango ule una thamani kuliko vifaa vyake. Hakugusa soketi kwanza. Alianza na diski. Aliitoa katika kila mashine, hata ile iliyoungua, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya wa USB wenye adapta ya diski. Diski zote tatu zilisomeka. Alama za watoto wetu zilikuwa salama muda wote ule, hata ndani ya mashine iliyokufa, na sisi tulikuwa tumekwisha kuzililia. Mniruhusu nisisitize hili kwa wazazi na kwa wafanyakazi wa mashirika: kioo kikiwa cheusi hakuna kilichofutika. Ziko mashine nyembamba za siku hizi ambazo diski imelehemiwa juu ya bodi na haitoki. Hizo zina habari nyingine, na kwa hizo kuitengeneza njia ya kioo ni muhimu zaidi.

Baada ya hapo aliziosha. Alitumia alkoholi ya asilimia 90 kutoka duka la dawa, maana ile ya 70 ina maji mengi, pamoja na mswaki laini wa mtoto. Alisugua kufuata urefu wa pini na kamwe hakukatiza, ili zisipinde. Akarudia mara nne au tano, kila mara akifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Aliosha pia kichwa cha waya bapa unaokwenda kwenye kioo, kwa sababu ukichomeka kichwa kichafu katika soketi safi umefanya kazi bure. Wapo wanaotumia petroli. Petroli inaacha mafuta na inadhuru plastiki, na hata kama ingefaa, habari ya petroli katika mji huu hamhitaji kuambiwa. Wengine wanakwangua kwa msasa. Pini hizi zina utando mwembamba sana wa dhahabu juu ya shaba, na msasa ukipita utando umekwenda, kutu itarudi kwa urahisi. Neno moja kwa akina mama: alkoholi hii inashika moto haraka, isifunguliwe karibu na jiko.

Ilipokauka alichukua mita ya umeme. Aliiweka kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye chuma cha bodi, mweusi ukagusa pini moja baada ya nyingine, nami nikaandika namba ubaoni, maana alikuwa na ubao mdogo kama wa darasa la kwanza. Nyaya za picha huenda mbili mbili, na jozi zikiwa nzima namba zake hukaribiana. Pini ikitoa sifuri mahali pasipostahili, kuna daraja ambalo bado halijaondoka. Isipotoa kitu, njia imekatika. Alipima pia fyuzi ya taa ya nyuma, kidude kidogo kuliko punje ya uwele. Fyuzi hiyo ikikatika picha inakuwapo lakini haina mwanga, na ukimulika kioo kwa tochi kwa mshazari utaona maandishi hafifu kama mtu aliye nyuma ya pazia. Mashine ya kwanza ilikuwa na dalili hiyo hiyo. Fyuzi ilibadilishwa, kioo kikawaka. Soketi yake haikuhitaji zaidi ya kuoshwa.

Kabla ya kuihangaikia ya pili aliiunganisha na televisheni ya jirani kwa tundu la HDMI, bila kioo chake. Picha ikaja kwenye televisheni, na watoto wa jirani wakafurahi kuliko sisi. Jaribio hili ni la kulikumbuka. Picha ikija nje, basi prosesa ni hai na kumbukumbu ni hai, ugonjwa uko kwenye njia ya kioo: soketi, waya bapa, fyuzi au kioo chenyewe. Duka lile lingefanya jaribio hilo kwa dakika tano. Lakini lisifanywe kabla ya kuosha na kukausha, kwa sababu mliyoyasikia kuhusu volti 19.

Soketi ya mashine ya pili ilikuwa imepoteza pini tano kabisa, hivyo ilibidi ing'olewe. Kazi hii sishauri mtu aijaribu nyumbani. Alifunika vitu vya jirani kwa utepe unaohimili moto, akapaka dawa ya kulehemu, akapuliza hewa ya moto ya nyuzi 350 hivi kwa nguvu ndogo, akizungusha mkono bila kusimama, maana plastiki inayeyuka mapema na njia za shaba chini yake hubanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Njia mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa, akaziunga kwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Soketi ya badala aliitoa kwenye bodi mfu ya aina ile ile aliyokuwa nayo, na vipuri vyake anavihifadhi katika makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na maandishi yake. Alilehemu pini moja moja. Umeme ulikatika mara mbili, tukangoja. Alasiri nzima ilikwisha, na alipopima tena alikuta pini mbili zimeshikana, akanyonya lehemu iliyozidi kwa nyuzi za shaba, akapima upya pini zote kuanzia mwanzo ingawa alijua tatizo lilikuwa hapo tu. Kioo kiliwaka saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo kati ya mashine tatu, mbili ziko shuleni zinafanya kazi, na ya tatu imekuwa ghala la vipuri. Gharama ya zote haikufika bei ya bodi moja mpya. Vyeti vya watoto wale wawili vilichapishwa wiki iliyofuata. Mmoja alirudishwa kwenye darasa lake. Wa pili familia yake ilikuwa imekwisha kuhama.

Sasa zile wiki saba. Juu ya kila mashine kuna stika inayosema ni mali ya shirika na isifunguliwe na mtu asiyeruhusiwa. Sitalitaja shirika, na wala stika si kosa: bila stika mashine zingekwisha kuwa sokoni. Tuliandika barua ya kuomba ruhusa, barua ikapanda, ikashuka, ikaulizwa maswali, na waliotujibu walitujibu kwa adabu. Ila katika wiki zote hizo betri zilikuwa zimeunganishwa. Mzee yule aliniambia kwamba soketi ya mashine ya pili, kama betri yake ingetenganishwa siku ile ile, ingeoshwa tu kama ya kwanza. Namwamini, kwa kuwa kutu ilikuwa nene hasa kwenye pini zile zenye umeme.

Ombi letu, ndugu wawakilishi, ni dogo. Tunaomba karatasi moja iandikwe mapema, kabla ya mvua za Septemba, inayomruhusu mtu mmoja aliyeteuliwa na Kamati katika kila shule kufungua kifuniko cha chini siku mashine inapolowa, kutenganisha betri na kuitoa diski, basi. Mengine yangojee barua. Pamoja na karatasi hiyo tunaomba bisibisi ndogo zinazofaa, chupa ya alkoholi, mswaki na mita ya bei nafuu. Hatuombi mashine ya hewa ya moto. Mafundi wako, na wengine ni sisi wenyewe wakimbizi, wanaohitaji wateja kuliko msaada. Na pale shirika linapotaka kuifuta mashine katika orodha yake kwa kuandika neno "mbovu", tunaomba kwanza iunganishwe na televisheni.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu mliovuka Rusizi mwezi wa Februari mwaka huu, baada ya Bukavu kutekwa, na sasa mko Musenyi na kwingineko. Najua kati yenu wako wakuu wa shule na makarani waliovuka na mashine ya shule kifuani, imefungwa katika mfuko wa plastiki ambao haukuzuia maji. Nimekwisha kuletewa mbili. Ikiwa mashine yako bado iko ndani ya begi kwa sababu uliambiwa imekufa, usiichomeke kwenye umeme wa jua wa jirani ili kujaribu bahati. Itenganishe na betri kama unaweza, kama huwezi iache ilivyo, umpe jina mjumbe wa Kamati wa eneo lako, naye ataileta gari likipatikana. Ikaguliwe diski kwanza, mbele ya macho yako, kwa sababu alama hizo ni za watoto wako na si za fundi. Waya bapa wa kioo usitupwe hata ukiwa umeungua kichwa, kwa kuwa namba ya aina yake imechapwa juu yake, na bila namba hiyo kumtafutia mwenzake Buyenzi ni kazi ya mwezi mzima.